Kava la Klachi: Kubadilisha Gasketi ya Pikipiki Nyumbani

Upande wa kulia wa injini ya pikipiki nyingi za bodaboda Dar es Salaam, karibu na kanyagio la breki ya mguu, kuna kifuniko kipana cha alumini kilichofungwa kwa bolti zinazokaribia kumi. Mafundi hukiita kava la klachi. Nyuma yake kuna klachi yenyewe, gia inayopokea mzunguko kutoka kwenye kranki, na kwenye mashine nyingi pampu ya oili na mtambo wa kiki pia. Kati ya kava na mwili wa injini hukaa gasketi, karatasi ngumu yenye unene wa kama nusu milimita, iliyokatwa kufuata ukingo wote wa kava. Kazi yake ni kuziba mianya midogo inayobaki hata pale vyuma viwili vinapobanwa pamoja.

Klachi ya gari kwa kawaida ni kavu na ina nyumba yake peke yake. Ya pikipiki hizi huzunguka ndani ya oili ileile inayolainisha pistoni na gia. Kwa hiyo gasketi ya kava ikipasuka, kinachotoka ni damu ya injini nzima. Oili hudondokea sehemu ya kuwekea mguu, huchafua suruali ya dereva, huungua juu ya bomba la moshi na kutoa harufu, na mbaya zaidi, hupeperushwa na upepo hadi kwenye tairi la nyuma. Injini ya pikipiki hizi hubeba oili ya karibu lita moja tu. Ikivuja kidogo kidogo kwa wiki mbili bila kuongezwa, klachi na bringi za kranki zinaanza kula chuma.

Madereva wengi hawamiliki pikipiki wanazoendesha. Wako kwenye mkataba au wanapeleka hesabu kila siku, na siku chombo kinapolazwa gereji hesabu haisubiri. Ndiyo maana kazi hii hufanyika sana nyumbani, jioni, uani kwenye nyumba za kupanga za Ilala, Buguruni, Magomeni na mitaa inayozunguka Kariakoo. Nayo ni kazi inayofaa kufanyika nyumbani. Haihitaji kushusha injini wala mashine ya karakana, na mtu mwenye subira huimaliza kwa saa mbili au tatu. Inachohitaji ni usafi. Gasketi mpya ikianza kuvuja siku ya pili, dukani watalaumiwa, lakini mara nyingi gasketi yenyewe haina kosa lolote: iliwekwa juu ya uso wenye mabaki ya ile ya zamani.

Mashine zenyewe

Pikipiki zilizotawala vijiwe vya jiji ni za India, hasa Boxer ya Bajaj katika matoleo ya BM 100, BM 125 na BM 150, na HLX ya TVS. Baada yake zinafuata za China: SanLG, Fekon, Kinglion na nyinginezo. Hizi za China, kwa kiasi kikubwa, zinafuata mchoro mmoja wa injini. Honda ilitoa CG125 katikati ya miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi ambako barabara ni za vumbi, mizigo ni mizito na oili haibadilishwi kwa wakati. Badala ya cheni ya kuzungusha kamshafti kule juu kwenye kichwa cha silinda, wahandisi walitumia fimbo za kusukuma vali, zinazovumilia zaidi kupuuzwa. Viwanda vya China vikaichukua injini hiyo, vikaikuza hadi ujazo wa sisi (cc) 150 na 200, na ndiyo hiyo inayonguruma leo kuanzia Gerezani hadi Gongo la Mboto.

Mnunuzi wa gasketi anafaa kujua namna ya kusoma namba iliyochongwa kwenye injini ya Kichina. Chukua 162FMJ. Tarakimu 1 ya mwanzo ni idadi ya silinda, 62 ni kipenyo cha silinda kwa milimita, F inaonyesha inapozwa kwa hewa, M ni pikipiki, na J ni kundi la sisi 150. Ikiwa mwisho kuna I, ni sisi 125. Ikiwa L, ni sisi 200. Namba hiyo inasaidia lakini haitoshi, kwa sababu 162FMJ inaweza kuwa injini ya fimbo au ya cheni, na makava yake hayalingani. Kwa hiyo ukienda dukani beba gasketi ya zamani hata kama imekatika vipande viwili. Kama imesagika, weka kava juu ya karatasi, fuatisha ukingo kwa kalamu, toboa matundu ya bolti, kisha nenda na karatasi hiyo.

Kwanza hakikisha ni gasketi

Oili iliyotapakaa upande wa kulia haimaanishi moja kwa moja kwamba gasketi ya kava imekufa. Oili husafiri. Inaweza kutoka juu kwenye kifuniko cha vali au kwenye gasketi ya silinda, ikateremka na kuonekana imetokea chini. Inaweza pia kuwa ni sili ya kiki, yaani ule mpira wa duara unaozunguka mhimili wa kiki pale unapotokeza nje ya kava, au sili ya mkono wa klachi kule juu. Sili hizi zinabadilishwa kwa gharama ndogo, na ya kiki wakati mwingine hutolewa bila kufungua kava.

Kuna njia ya kujua isiyo na gharama. Osha injini kwa maji ya sabuni na brashi, iache ikauke kabisa, kisha pakaza poda ya mtoto kwenye maungio yote ya upande huo. Washa, iache ingurume papo hapo kwa dakika kumi au izungushe mtaa mmoja, halafu chunguza kwa tochi. Pale poda ilipolowa mwanzo, juu kuliko pote, ndipo panapovuja.

Jambo la pili la kuangalia ni mpira wa kupumulia, bomba dogo linalotoa hewa kutoka ndani ya injini. Ukiziba kwa tope au ukikunjwa vibaya, presha hujijenga ndani na kusukuma oili itoke popote penye udhaifu. Gasketi itabadilishwa mara tatu na bado itavuja. Kujaza oili kupita kiasi huleta matatizo ya aina hiyohiyo, na madereva wengi hujaza kupita kiasi kwa nia njema kabisa, wakidhani ndiyo kuitunza injini.

Pikipiki iliyopita kwenye maji ya mafuriko, kama yale ya bonde la Msimbazi pale Jangwani, inahitaji uangalifu wa peke yake. Oili ikionekana nyeupe-nyeupe kwenye kijiti cha kupimia au kwenye kioo, maji yameingia. Hapo oili imwagwe yote bila kuwasha injini, na kava lifunguliwe hata kama halivuji, maana maji hujificha kwenye vikombe na pembe za ndani.

Kununua Kariakoo

Anayetafuta spea Kariakoo haendi kwenye jengo la soko kuu lililosanifiwa na Beda Amuli na kuungua Julai 2021. Anakwenda kwenye maduka ya mitaani, hasa yale yanayoteremka kuelekea Gerezani, ambako spea za jumla na rejareja zimepangwa hadi darini. Gasketi huuzwa kwa namna mbili: moja moja, au seti nzima ya injini ndani ya bahasha ya plastiki. Seti ina faida, kwa kuwa huja na oringi na gasketi ndogo ambazo mtu husahau kuziulizia. Hasara yake ni kwamba katika seti za bei ya chini karatasi ya kava mara nyingi ni laini kama ya kawaida ya maboksi. Ikunje kidogo kwenye kona: ya uhakika hupinda na kurudi, ya bandia hubaki na mkunjo au hupasuka nyuzi.

Tume ya Ushindani, inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, imekuwa ikikamata bidhaa bandia miaka mingi, lakini kwenye kitu kidogo kama gasketi ukaguzi wa kwanza ni macho ya mnunuzi. Ilaze gasketi mpya juu ya ile ya zamani, kisha zinyanyue zote mbili dhidi ya mwanga. Matundu ya bolti yalingane yote. Muhimu kuliko hayo ni tundu au mfereji wa oili. Kwenye mashine ambazo oili hupita kwenye ukingo wa kava kuelekea kranki au kichwa cha silinda, gasketi lazima iwe na tundu lake mahali hapohapo. Gasketi isiyo na tundu hilo itafunga vizuri, haitavuja hata tone, na itaua injini.

Hapo ndipo penye hatari ya gasketi za kukatwa kwa mkono, ambazo mafundi wetu wanazikata kwa ustadi unaostahili kutazamwa. Fundi hununua karatasi ya gasketi kwa kipande, anailaza juu ya kava lililosafishwa, anaishikilia kwa bolti moja ili isicheze. Kisha anachukua nyundo ndogo yenye kichwa cha mviringo na kugonga taratibu kufuata ukingo, tap tap tap, na ncha kali ya alumini inaikata karatasi yenyewe kutokea chini. Kwenye matundu anaweka gololi ya bringi juu ya kila tundu na kuipiga mara moja. Kiduara cha karatasi kinaanguka ndani. Dakika kumi, gasketi imekamilika. Inafaa, hasa kwa mashine ambayo spea zake zimeadimika. Ila nyundo ikizidi uzito, ukingo wa alumini hupata makovu ambayo hakuna gasketi itakayoyaziba. Unene nao una maana yake: karatasi nene kupita kiasi huongeza nafasi kati ya mtambo wa kusukuma klachi na klachi yenyewe, na nyembamba mno inaweza kubana mhimili wa kiki. Pima kwa vidole gasketi ya zamani mahali isipobanwa sana, na utafute karatasi ya unene huo.

Ongeza sili mpya ya kiki kwenye ununuzi huo. Bei yake ni ndogo, na kufungua kava lote baadaye kwa sababu yake tu ni kujitesa.

Kufungua

Chagua mahali penye sakafu ya saruji na mwanga, mbali na jiko la mkaa na la gesi, kwani petroli na matambara yenye oili yatakuwepo. Watoto wa nyumba wapelekwe upande mwingine. Washa injini dakika tatu nne ili oili ipate joto na kutiririka vizuri, zima, kisha fungua bolti ya chini na uimwage yote kwenye beseni. Bomba la moshi liache lipoe kabla hujaweka mkono upande huo.

Vinavyozuia kava kutoka ni vitatu: kiki, kanyagio la breki ya mguu, na bomba la chini la kuwekea miguu. Kwenye baadhi ya mashine inabidi kulegeza na bomba la moshi. Kiki hushikwa na bolti moja. Kabla ya kuivuta, weka alama ya rangi au ya tindo ndogo kwenye mhimili na kwenye kiki ili irudi pembe ileile. Legeza waya wa klachi kwa kuzungusha nati ya kurekebishia, uchomoe ncha yake kwenye mkono wa klachi. Kisha simamisha pikipiki kwa stendi ya pembeni. Itaegemea kushoto, na oili iliyobaki ndani itakaa upande huo badala ya kukumwagikia.

Bolti za kava ni nyembamba, milimita 6, na nyingi hufunguliwa kwa spana namba 8. Hazina urefu mmoja. Hili ndilo kosa linalovunja injini nyingi kwenye kazi hii: bolti ndefu ikiingizwa kwenye tundu fupi hufika mwisho kabla ya kubana, mtu anaongeza nguvu, na alumini inapasuka. Chukua kipande cha boksi, chora umbo la kava juu yake, toboa matundu, na kila bolti unayoitoa ichomeke kwenye tundu lake. Legeza zote nusu mzunguko kwanza, kwa mtindo wa msalaba, ndipo uanze kuzitoa moja moja. Kwenye mashine za zamani za Kijapani utakuta skrubu za nyota badala ya bolti. Zina umbo tofauti kidogo na bisibisi za kawaida, na bisibisi isiyokaa sawasawa huzichakaza vichwa. Gonga bisibisi kwa nyundo mara mbili kabla ya kuzungusha.

Bolti zikiisha, kava halitatoka lenyewe, gasketi imelishika. Usiingize bisibisi kwenye mshono na kupekenyua. Pigapiga kava kwa nyundo ya mpira au kipande cha mbao kuzunguka ukingo, hasa pale kwenye masikio ya chuma yaliyotokeza, nalo litaachia. Livute polepole sawasawa, huku ukizuia mhimili wa kiki usitoke nalo. Tazama chini: pini mbili fupi za chuma, zilizo wazi katikati, ndizo zinazoongoza kava likae mahali pake. Moja inaweza kubaki kwenye kava na nyingine kwenye injini, au moja ikaanguka ndani ya beseni la oili. Zihesabu. Kuna mashine zenye springi na kipande kidogo cha kupitishia oili katikati ya kava, mkabala na ncha ya kranki. Hicho nacho kitafutwe kabla hakijatafutwa kwenye mchanga.

Uso wa chuma

Sasa tumefika kwenye kazi yenyewe. Kila kitu kabla ya hapa ni kufungua, na kila kitu baada ya hapa ni kufunga. Gasketi ya zamani imepikwa na joto kwa miaka, imegeuka ngumu na imeng'ang'ania alumini kwenye vipande, upande huu na upande ule. Mabaki yenye unene wa robo tu ya milimita yanatosha kuinua gasketi mpya mahali hapo na kuacha mwanya pembeni yake.

Kwanza ziba ndani ya injini kwa tambara safi ili vumbi na vipande visiingie kwenye klachi na pampu ya oili. Lowesha mabaki kwa petroli kidogo au mafuta ya taa, subiri dakika kumi, lowesha tena. Usikwangue yakiwa makavu: gasketi za miaka ya nyuma zilitengenezwa kwa kuchanganywa na asbesto, na vumbi lake si la kuvuta. Kisha kwangua kwa kitu kilicho laini kuliko alumini. Kipande cha plastiki ngumu kilichonolewa, au cha mbao ya mninga, kinafanya kazi nzuri kuliko watu wanavyodhani. Wembe unaweza kutumika kama umelazwa karibu kabisa na uso na kusukumwa kwa upole, lakini ncha yake ikizama mara moja tu, imechora mfereji wa oili utakaobaki hapo maisha yote ya injini. Bisibisi na tindo zisiguse uso huu kamwe.

Ukimaliza, pitisha ncha ya kidole kuzunguka ukingo wote ukiwa umefumba macho. Kidole kitahisi kile ambacho jicho limepitwa nacho. Halafu angalia unyofu wa kava. Kava la pikipiki iliyowahi kuanguka barabarani, na kwa bodaboda ni mengi, linaweza kuwa limepinda. Tandika msasa mwembamba, namba 400 au zaidi, juu ya kioo kinene kilicholala sawa, uulowanishe kwa mafuta ya taa, kisha sugua uso wa kava kwa mzunguko mara chache. Pale panapong'aa ndipo palipo juu, na palipobaki na rangi ya zamani ndipo palipo chini. Sehemu ya chini ikiwa ndogo, endelea taratibu hadi uso wote ung'ae. Ikiwa kubwa, au kava lina ufa, ni wakati wa kununua kava jingine au kwenda kwa wachomeleaji wa alumini. Osha kava lote kwa sabuni na maji mengi baada ya msasa, kwa kuwa chembe moja ya mchanga wake ikibaki ndani itaishia kwenye bringi.

Uso wa upande wa injini hausuguliwi kwa msasa. Huo unakwanguliwa na kufutwa tu. Safisha pia matundu ya bolti. Oili iliyojaa ndani ya tundu lisilo na mlango wa pili huzuia bolti kufika mwisho.

Ukiwa umeshafungua

Klachi iko wazi mbele yako, na ni uzembe kuifunika bila kuitazama. Ndani ya kikapu kuna sahani za msuguano, kwa kawaida tano hivi kwenye mashine hizi, zikipishana na sahani za chuma, zote zikibanwa na springi nne au zaidi. Dereva anapoachia mkono wa klachi wa usukani, springi huzibana pamoja na nguvu hupita, anapovuta, zinaachana. Dalili za kuisha ni injini kupiga kelele kwenye mlima au ikiwa na mshikaki wa abiria huku mwendo hauongezeki. Harufu ya kuungua ikiandamana na hilo, sahani zimekwisha au zinakaribia.

Sahani mpya ya msuguano huwa na unene wa karibu milimita 3, na ikishuka hadi kama 2.6 imefika mwisho wake. Tazama pia makucha ya kikapu: sahani huyachimba kwa miaka na kuacha vishimo ambavyo huzikwamisha zisiachane, na dereva hulalamika gia zinagoma. Kubadilisha springi ni rahisi, bolti nne hivi tu. Kubadilisha sahani, kwenye baadhi ya mashine, kunataka kufungua nati ya katikati yenye mapengo manne, ambayo ina soketi yake maalumu. Watu huigonga kwa tindo. Inafunguka, ndiyo, lakini inaharibika, na vipande vyake huanguka ndani ya injini. Hiyo ni kazi ya kumpelekea fundi mwenye soketi. Sahani mpya zilazwe kwenye oili safi kwa saa kadhaa kabla ya kufungwa, zisije zikaungua siku ya kwanza.

Mashine za aina ya CG zina pia chujio la kuzunguka kwenye ncha ya kranki, kikombe kinachotupa uchafu pembeni kwa kasi ya mzunguko. Fungua kifuniko chake na ukwangue tope jeusi lililoganda ndani. Kuna pikipiki zinazoendeshwa miaka mitano bila kikombe hiki kuguswa, kwa kuwa hakuna aliyefungua kava.

Kufunga

Ng'oa sili ya kiki ya zamani kutoka kwenye kava na ugonge mpya kwa soketi ya kipenyo chake, mdomo wenye springi ukielekea ndani. Paka grisi. Kabla ya kurudisha kava, zungushia utepe mwembamba wa plastiki meno ya mhimili wa kiki, maana meno hayo hukata mdomo wa sili kama hayakufunikwa.

Sasa silikoni. Mafundi wengi hupaka silikoni pande zote mbili za gasketi, kwa wingi, wakiamini ni usalama wa ziada. Sikubaliani nao kabisa. Kinachobanwa kutoka nje unakiona na kukifuta. Kinachobanwa kuelekea ndani huning'inia, hukatika, na kwenda kuziba chujio na mifereji ya oili. Gasketi ya karatasi kwenye uso safi haihitaji chochote zaidi ya grisi nyembamba upande wa kava, ili itoke kirahisi siku nyingine. Mahali pekee pa kuweka tone la silikoni ni pale mshono wa nusu mbili za injini unapokutana na ukingo wa kava, juu na chini.

Rudisha pini mbili, vika gasketi juu yake, kisha sukuma kava kwa mikono. Likigoma, usilivute kwa bolti. Zungusha kiki kidogo ili gia zishikane, au sogeza mkono wa klachi ili ulimi wake ukae mahali pake, nalo litaingia. Rudisha bolti kutoka kwenye boksi na uzifunge kwa vidole zote hadi zishike. Malizia kwa spana, kutoka katikati kwenda nje kwa msalaba, kwa raundi mbili au tatu.

Nguvu inayotakiwa kwa bolti ya milimita 6 kwenye alumini ni kama nyutoni-mita 10. Kwa asiye na spana ya kupimia: ukishika spana mahali palipo sentimita 10 kutoka kwenye bolti, nguvu hiyo ni sawa na uzito wa ndoo ya maji ya lita 10 ikining'inia hapo. Si nyingi. Mkono wa mtu mzima kwenye spana ndefu huipita bila kuhisi, na uzi wa alumini hung'oka. Uzi ukishakufa, wachongaji wa Gerezani wanaweza kutoboa na kuweka uzi mpya wa chuma, na kazi hiyo hudumu. Bolti kubwa zaidi iliyolazimishwa kwa nguvu haidumu.

Oili na marekebisho

Oili ya kurudisha iwe ya pikipiki. Oili nyingi za kisasa za magari madogo huwekwa kemikali za kupunguza msuguano, na klachi hii inaishi kwa msuguano. Tangu 1998 Japani ina kiwango kiitwacho JASO T 903 kinachopima hasa jambo hilo. Kopo lenye alama ya MA au MA2 linafaa kwa klachi inayozunguka kwenye oili. Lenye MB ni la skuta zisizo na klachi ya aina hii. Kwa joto la Dar es Salaam, 20W-50 ndiyo inayotumika zaidi. Oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa haina maandishi yoyote ya kusoma, basi iache.

Jaza hadi kati ya alama mbili. Washa, iache dakika mbili, zima, subiri itulie, pima tena pikipiki ikiwa imesimama wima. Rudisha waya wa klachi na urekebishe mpaka ncha ya mkono wa usukani icheze bure milimita 10 hadi 20 kabla ya kuanza kuvuta. Ikibana bila mchezo, klachi itateleza na kuungua. Ikicheza sana, gia zitalia.

Oili chafu ina wateja mjini, kwani mafundi seremala na wajenzi huipaka kwenye mbao kuzuia mchwa. Ihifadhi kwenye dumu na mfuniko, usiimwage kwenye mtaro, kwa sababu mitaro ya Kariakoo na Ilala inaishia Msimbazi na mto huo unaishia baharini.

Baada ya siku ya kwanza ya kazi, asubuhi injini ikiwa baridi, pitisha spana kwenye bolti zote kwa uzito uleule wa mwanzo. Karatasi mpya hulala kidogo ikishapata joto, na bolti moja au mbili zitakubali robo mzunguko zaidi. Pakaza poda tena kwenye mshono, nenda kijiweni, na uitazame mchana.